Mafundi wa Mitambo

Mwaka 1924 reli ilifika Eldoret, mji ulio jirani na mashamba ya ngano ya Moiben. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi huko Kabete, ambako Mwafrika alifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Uhandisi, ole wetu, haukuwa fungu lake.

Leo kijana wa Moiben husomea mitambo papo hapo Eldoret. Hujifunza kwanza kuitunza mashine kabla haijaharibika: kutia grisi, kukaza nati, kuitambua beringi kwa mlio wake. Maana mashine ya kuvunia ikisimama na mvua ikanyesha mfululizo, ngano huchipuka ingali masukeni, na jasho la mwaka mzima likapotea.