Wafu Wasio na Kwao

Katika Jubilei hii twasoma kwa shukrani majina ya maaskofu, mapadre na walimu waliotutangulia. Ni haki yao. Lakini nani atasoma jina la mtu aliyekufa hana nyumba, wala jamaa, wala jirani wa kumlilia? Habari ya kanisa moja la mbali yaweza kutufundisha.

Mjini Toronto, katika nchi ya Kanada, liko kanisa la Waanglikana liitwalo la Utatu Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 1847. Zamani zile viti vya makanisa mengi ya Waingereza vilikodishwa: tajiri alilipa akaketi mbele, maskini akabaki nyuma, au asiingie kabisa. Basi bibi mmoja wa Uingereza alitoa paundi 5,000 ili kanisa hilo lijengwe, kwa sharti kwamba viti vyake viwe bure kwa watu wote, siku zote. Hakutaka jina lake litajwe. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kuwa ni Mary Lambert Swale.

Mji ukakua. Katika miaka ya 1970 kanisa hilo nusura libomolewe kwa ajili ya jengo kubwa la maduka. Waumini walikataa katakata, nalo likabaki. Leo maduka yamelizunguka, na karibu nayo wapo watu walalao njiani, wakati wa theluji na wakati wa jua. Huko wengine hufa: kwa baridi, kwa maradhi, kwa ulevi wa dawa, au kwa kupigwa.

Kanisa lile lililowapa maskini viti limewapa na mahali pa kukumbukwa. Mlangoni pake imewekwa orodha ya majina ya waliokufa hawana makao tangu miaka ya 1980, nayo imepita majina 1,000. Kila mwezi watu hukusanyika, majina mapya husomwa, huimbwa, na wote hunyamaza kitambo. Yule ambaye jina lake halikupatikana huandikwa John Doe, au Jane Doe akiwa mwanamke, kama wasemao Kiingereza wamwitavyo mtu asiyejulikana. Naye husomwa pamoja na wenzake, wala harukwi.

Tazameni, ndugu: bibi yule alilificha jina lake kwa unyenyekevu, hawa wamepotewa na majina yao kwa umaskini. Mbele za Mungu wote wanajulikana. Bwana wetu mwenyewe hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Amwombeaye maiti wa njiani hayuko mbali na kaburi lile.

Nasi makatekista hatuna budi kukiri kosa letu. Tumepata kumzika msafiri aliyefia njiani, tukaandika katika daftari neno moja tu, “mgeni,” tusijisumbue kuuliza aliitwaje na alitoka wapi. Daftari lile halifutiki. Lakini kurasa zilizobaki ni nyeupe. Basi tuulize jina kabla ya kufukia udongo, tuliandike, na tarehe 2 Novemba, tuwakumbukapo marehemu wote, lisomwe kwa sauti pamoja na ya wazee wetu. Na asiyejulikana jina, tumwombee hivyo hivyo, asirukwe.