Kutoka Mto Tana hadi Viwandani: safari ya maabara ya tabia za watu

Ukitoka Donholm kuelekea Eneo la Viwanda, huendi mbali kabla ya kuyafikia mabanda ya Viwandani. Wakazi wa mtaa huo, pamoja na wenzao wa Kibera, ndio walioalikwa kwa wingi katika maabara ya tabia za watu ya Kituo cha Busara, kilichoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010 na mtafiti Johannes Haushofer. Katika maabara hiyo hakuna darubini wala kemikali. Kuna kompyuta, na maswali yenye pesa halisi ndani yake. Ukipewa kiasi fulani, utamgawia mtu usiyemjua? Utachukua kidogo leo, au utasubiri upate zaidi baadaye?

Elimu hii ya uchumi wa majaribio ilianzia mbali. Mwaka 1948 Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo ya soko la kuigiza alilolifanya na wanafunzi wake. Vernon Smith, aliyepitia darasa hilo, aliendesha soko lake mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1956. Kila mwanafunzi alijua bei yake tu, iwe ya kununua au ya kuuza, kisha wakapatana kwa sauti mbele ya wenzao. Kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka 1982, Werner Güth na wenzake nchini Ujerumani walibuni mchezo mwingine: mmoja anapendekeza namna ya kugawana fedha, mwenzake anakubali au anakataa, na akikataa wote wawili wanakosa.

Kwa miaka mingi, waliopimwa walikuwa hasa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Katika miaka ya 1990 kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi, likiongozwa na Joseph Henrich, liliupeleka mchezo huo wa Güth kwa jamii 15 ndogo duniani. Frank Marlowe aliuendesha kwa Wahadza wa Tanzania, na Jean Ensminger kwa Waorma, wafugaji wa Tana River.

Kwa Waorma lilitokea jambo ambalo kila anayejifunza kazi hii anapaswa kulijua. Ensminger aliwaletea pia mchezo wa watu wanne: kila mmoja anaamua kiasi cha kutia kwenye mfuko wa pamoja, mtafiti anazidisha jumla mara mbili, kisha wote wanagawana sawa. Washiriki hawakuhitaji maelezo marefu. Waliuita mchezo wa harambee, na kwa wastani wakachanga asilimia 58 ya walichopewa. Wenye mali walichanga zaidi, kama inavyotarajiwa katika harambee ya kweli. Katika mchezo wa kugawana wawili, utajiri haukuleta tofauti hiyo. Mtafiti alileta kanuni tupu, na washiriki wakazijaza desturi walizoishi nazo.

Carolyn Lesorogol alilifuatilia suala hilo la desturi kwa Wasamburu. Baadhi walicheza mchezo wa kugawa pesa bila maelezo ya ziada, wengine wakaambiwa wafikirie kugawa nyama ya mbuzi aliyechinjwa. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 2007, yalitofautiana, kwa sababu nyama ina kanuni zake zinazojulikana. Maneno ya maelekezo ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mshiriki akielewa vingine, umepima kitu kingine.

Kampala nayo ilitoa somo lake. James Habyarimana, Macartan Humphreys, Daniel Posner na Jeremy Weinstein waliwaalika wakazi wa Mulago-Kyebando kucheza michezo ya kompyuta wakiona picha za wenzao. Mtoaji alipokuwa na hakika kwamba hajulikani, hakuwapendelea watu wa kabila lake. Watoaji walipojua kwamba wanaonekana, baadhi yao waliwapendelea. Tofauti ya mpangilio kati ya majaribio hayo ilikuwa ndogo sana, na ndiyo iliyofichua kwamba upendeleo unaweza kutoka kwenye hofu ya kulaumiwa na jamaa.

Maabara ya Nairobi ilirithi mafunzo haya. Skrini za kugusa zilimwezesha hata asiyezoea kompyuta kushiriki. Maelekezo yalisomwa kwa sauti kwa Kiswahili, na malipo yakapitia M-Pesa. Katika utafiti wa mwaka 2012 na 2013, uliohusu takriban watu 1,300 mjini Nairobi, Lars Ivar Oppedal Berge na wenzake walitafuta upendeleo wa kikabila na wakapata ushahidi mdogo sana wa upendeleo huo katika michezo yao. Kwa nchi iliyokuwa ikielekea uchaguzi wa Machi 2013, hiyo ni habari nzito. Haisemi kwamba siasa zetu hazina ukabila. Inatulazimisha tuulize ukabila huo unachochewa wapi, kama haumo katika ukarimu wa mtu wa kawaida.

Maswali ya namna hiyo yaulizwe na watu wa hapa. Vijana wetu wengi wenye shahada huajiriwa kukusanya majibu ya maswali yaliyotungwa kwingine, na ujuzi wao wa mitaa unaishia kwenye fomu. Jaribio zuri halihitaji jengo la kifahari. Chukua ada ya ulinzi ambayo mitaa mingi ya Donholm huichanga kila mwezi. Orodhesha nyumba, zigawe kwa kura ya bahati nasibu, nusu zipate ujumbe wa kukumbusha na nusu zisipate, kisha linganisha malipo. Usibadilishe jambo jingine lolote. Omba idhini, tunza siri za watu, jaribu maswali kwa wachache kwanza, na andika matokeo hata yakikupinga.

Vyuo vyetu vifundishe ufundi huu tangu mwaka wa kwanza, kwa karatasi na bahasha ikiwa kompyuta hazipo. Waorma walionyesha kwamba maarifa ya watu huingia katika jaribio hata asipoyaalika mtafiti. Mtafiti aliyelelewa nayo ana nafasi bora ya kuyaona mapema, na ya kuuliza swali ambalo mgeni hajalifikiria.