Miezi Tisa na Arobaini Saba: Historia ya Kuhesabu Siku za Mimba

Katika Kiswahili neno mwezi lina kazi tatu. Ni ule uandamao mbinguni. Ni kipindi cha siku 29 au 30. Na ni hedhi, kwani mwanamke aliye katika siku zake husemwa yumo mwezini. Maana hizi tatu hazikukutana kwa bahati. Kabla ya kalenda za ukutani, mwanamke aliyekosa siku zake alitazama juu, akakumbuka mwezi ulikuwa mchanga au mpevu, na kuanzia hapo akahesabu.

Watu wengi leo hudhani kwamba hesabu hiyo ya bibi zetu na hesabu ya kliniki ni mbili zinazopingana. Bibi asema miezi tisa, muuguzi asema wiki 40, na mja mzito hubaki katikati hajui amwamini nani. Tukiifuata historia ya jambo hili tutaona kuwa mgongano huo si mkubwa kama udhaniwavyo, na kwamba hitilafu iliyopo haiko katika idadi ya miezi bali katika mahali pa kuanzia.

Tuanze nyumbani. Watu wa mwambao waliipa miezi ya Hijria majina yao wenyewe. Baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, na kuendelea mpaka Mfungo Tisa, ndipo ziingie Rajabu na Shaabani. Mifungo ni tisa, sawa na miezi ya mimba. Aliyeshika mimba siku za Idi ya Mfungo Mosi angelitarajiwa kujifungua Mfungo Tisa ukiisha, Rajabu inapokaribia kuandama. Wastani wa mwezi wa mbinguni ni siku 29 na nusu na kidogo. Ukiuzidisha kwa tisa wapata takriban siku 266. Tuiweke idadi hiyo akilini, maana tutairudia.

Pembeni mwa kalenda hiyo palikuwa na nyingine, ya Nairuzi, iliyoshikwa na wakulima na mabaharia, ambayo hadi leo hukumbukwa Makunduchi katika Mwaka Kogwa. Hiyo yafuata jua, na siku zake 365 hugawanywa kwa miongo, yaani makumi. Mimba ya siku 280 yaingia humo barabara: ni miongo 28 bila salio.

Idadi hiyo ya 280 ni kongwe. Katika maandishi ya Wayunani yanayonasibishwa na Hippocrates, ambaye Waarabu humwita Buqrat, mimba iliyotimia husemwa ni ya siku 280, nazo hugawanywa katika arobaini saba. Msomaji wa visiwani hawezi kulisikia neno hili bila ya kushtuka kidogo, kwani arobaini twaijua: ni siku ambazo mzazi hukaa ndani baada ya kujifungua. Kwa hesabu ya Buqrat, basi, arobaini ya uzazi ni ya nane, ikifuata saba zilizopita tumboni. Na katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Masud, kuumbwa kwa mtoto pia kwatajwa kwa arobaini tatu, kisha ndipo hupulizwa roho.

Hesabu ya mimba haikuwa ya matabibu peke yao. Ilikuwa pia ya makadhi, na huko makosa yake yaliweza kumwangamiza mtu. Imesimuliwa kwamba katika zama za Makhalifa waongofu mwanamke mmoja alijifungua miezi sita tu tangu kuolewa, akashukiwa zinaa na kukabiliwa na adhabu ya kifo. Sayyidna Ali akaitetea roho yake kwa hesabu. Sura ya Al-Ahqaf yataja kuwa kuchukua mimba na kumwachisha mtoto ziwa ni miezi 30. Sura ya Al-Baqara yataja kunyonyesha kwa miaka miwili, yaani miezi 24. Ukitoa, husalia sita. Kwa hivyo mimba ya miezi sita yawezekana, na mwanamke akaachiliwa. Ni nadra kutoa kwa namba mbili kuokoa uhai na heshima kwa mara moja.

Upande wa pili, wa upeo wa mimba, wanazuoni walikhitilafiana: Mahanafi walisema miaka miwili, Mashafii, ambao ndio wengi kwetu, miaka minne. Tiba haijui mimba ya namna hiyo. Lakini tusifanye haraka kucheka. Upana wa muda ule ulimkinga mjane na mtalaka dhidi ya ndimi za watu, na mtoto asikose nasaba. Baadaye nchi nyingine zilirekebisha. Misri, kwa sheria ya mwaka 1929, ilizuia mahakama kusikiliza madai ya nasaba ya mtoto aliyezaliwa zaidi ya siku 365 tangu mume kufa au kutaliki.

Kanuni inayotumika kliniki ilitoka Ulaya. Herman Boerhaave, tabibu wa Leiden aliyefariki mwaka 1738, alifundisha kuwa wanawake wengi hushika mimba muda mfupi baada ya hedhi, na kwamba siku ya kuzaa yaweza kukisiwa kutokana na hedhi ya mwisho. Karne iliyofuata Franz Karl Naegele wa Heidelberg aliieneza kanuni hiyo, nayo ikachukua jina lake: ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Januari hutarajiwa kujifungua tarehe 8 Oktoba, siku ya 280. Hata hivyo maneno ya mabwana hao hayakubainisha kama zile siku saba zahesabiwa tangu hedhi ianzapo au ikomapo. Waliokuja baadaye ndio walioshika siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye 266. Mimba kwa kawaida hushika kama siku 14 baada ya hedhi kuanza. Ukizitoa katika 280, husalia 266, ambazo ndizo miezi tisa ya mbinguni. Bibi na muuguzi wasema jambo moja: mmoja ahesabu tangu mimba kutunga, mwingine tangu hedhi ya mwisho. Tatizo hutokea pale bibi anapoanza kuhesabu tangu siku zilipokosekana, kwani hapo huchelewa wiki mbili; au pale kanuni ya Naegele, iliyotungwa kwa miezi ya jua, inapotumiwa kwa miezi ya Hijria, ambapo hutangulia wiki moja. Wiki hizo si chache. Kabla ya wiki 37 mtoto huhesabiwa njiti. Baada ya 42 hatari ya kufia tumboni huongezeka. Mkunga aliyekosea mwezi mmoja aweza kumdhania njiti kuwa ametimia.

Hakika zaidi ililetwa na mawimbi ya sauti. Ian Donald wa Glasgow aliazima fikra kwenye mashine ya kutafutia nyufa katika vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha za mtoto tumboni. Mwaka 1973 Hugh Robinson, wa mji huohuo, alionyesha kuwa urefu wa kijusi toka utosini hadi makalioni, ukipimwa katika miezi ya mwanzo, hutoa umri kwa tofauti ya siku chache tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mja mzito apate kipimo hicho mara moja kabla ya wiki ya 24.

Pamoja na hayo yote, ni takriban mtoto 1 tu katika 20 azaliwaye siku iliyoandikwa kwenye kadi. Waliobaki hutangulia au huchelewa. Kwa hivyo kadi na mwezi vyote viwili vyatuambia wakati wa kutandika kitanda na kumwarifu mkunga. Saa yenyewe mtoto huja nayo. Lakini mama aliyeweka kumbukumbu ya siku aliyoingia mwezini mara ya mwisho amekwisha kumpa mkunga wake silaha kubwa kuliko zote, nayo haigharimu kitu ila kukumbuka.