Dainamo, alteneta na mpaka wa Sirari

Nilipotea kwa sababu nilikuwa mazoezi ya kufundisha kule Bunda, na nimerudi chuo nimekuta rundo la kazi za semina zinanisubiri. Bumu lenyewe halijatoka, kwa hiyo acha niandike tu, kuandika hakuna gharama.

Leo ni historia, lakini siyo ile ya kukariri nani alikaa kiti gani kwenye Mkutano wa Berlin. Ni historia ya kitu kidogo kinachokaa juu ya injini ya Volkswagen Beetle, ile gari yenye mgongo wa kobe ambayo wazee wetu wakiiona wanatabasamu. Kule Bunda na Musoma niliziona tatu. Moja imeshakuwa banda la kuku. Mbili zinatembea, na zote mbili bado zilikuwa na dainamo. Nikajiuliza, dunia ilihamia kwenye alteneta zamani sana, hizi zilibakije nyuma?

Kwanza tuelewane, maana najua wengi humu ni watu wa sanaa kama mimi. Gari likitembea, betri lazima ichajiwe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na dainamo. Ndani yake waya uliosukwa unazunguka katikati ya sumaku, na umeme unachukuliwa na vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka. Shida yake ni kwamba injini ikinguruma taratibu, dainamo haifui umeme wa maana. Ukisimama usiku taa zinafifia, ukikanyaga mafuta zinarudi. Alteneta imegeuza mambo: sumaku ndiyo inayozunguka, waya mnene umetulia pembeni, na umeme wake unanyooshwa na vidude vinavyoitwa dayodi. Inachaji hata gari likiwa limesimama linanguruma. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka alteneta kama kifaa cha kawaida kwenye gari lake la Valiant mwaka 1960, baada ya dayodi za silikoni kuwa rahisi kupatikana. Volkswagen hawakuwa na haraka. Beetle iliendelea na dainamo hadi miaka ya 1970 ilipoanza kubadilishwa.

Sasa kwa nini watu wa huku waliipenda Beetle? Injini yake inapozwa kwa upepo. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka wala ya kuvuja. Kwa barabara za vumbi na safari ndefu bila kisima hilo halikuwa jambo dogo. Na haikuwa maneno ya matangazo tu. Kwenye mbio za Safari, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Gari la bei ya mwalimu linawaacha nyuma magari ya wakubwa!

Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Mwaka 1974 sisi watu wa elimu tunaujua kwa Azimio la Musoma, lile lililosukuma elimu ya msingi kwa wote na kutaka wanafunzi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu (wengine humu tungekuwa bado tunalima). Mwaka huohuo, Julai, kiwanda mama cha Wolfsburg kiliacha kutengeneza Beetle. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, katika mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Januari 1978 Beetle ya mwisho ya Ujerumani ikatoka kiwanda cha Emden. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukaenda vitani, na fedha za kigeni zikaishia huko. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983.

Ziweke tarehe hizo kwenye ramani. Mtu wa Musoma yuko karibu na Sirari kuliko Dar es Salaam. Kwa miaka zaidi ya sita, njia fupi ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Kisumu na Nairobi ilikuwa imefungwa kisheria, na ndiyo miaka ambayo alteneta ya Beetle ilikuwa spea mpya duniani. Magendo yalikuwepo, nani asiyejua, lakini mtu wa magendo anabeba sabuni na khanga vinavyouzika leo, habebi kifaa cha gari ambacho huenda mteja wake ni mmoja wilaya nzima. Jibu langu basi ni hili: dainamo hazikubaki Mara kwa sababu mafundi wa Mara walikuwa hawajui. Zilibaki kwa sababu siasa ilifunga mlango wakati kifaa kinapita nje.

Na kwa kuwa haziwezi kupatikana mpya, walijifunza kuzitunza. Kaboni zikiisha wanasugua kaboni za mota nyingine mpaka zitoshee. Waya ukiungua wanasuka upya kwa mkono, mizunguko wanaihesabu kwa mdomo. Huo nao ni ujuzi, ila haupo kwenye mtaala wowote niliofundishwa.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Bunda, ndiye mwenye moja ya zile mbili zinazotembea. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi alipanga safari zake kwa jua. Akienda Butiama kwenye msiba au harusi, saa kumi jioni anaaga, hata kama chakula hakijaiva. Siku hizi macho nayo yamepungua, taa za kufifia zinamtisha. Anataka alteneta. Kijana wake hataki. Anasema gari la zamani likibaki kama lilivyotoka kiwandani lina thamani, ukilichokonoa umeliua.

Nilikwenda na mzee kwa fundi Musoma kusikiliza, na hapo nikaelewa kwamba kazi yenyewe siyo ya kuchomoa na kuchomeka. Kwenye Beetle, dainamo ina ncha mbili. Ncha moja inashika puli ya mkanda, ncha ya pili inazungusha feni inayopoza injini nzima. Ukichukua alteneta ya Toyota haina mahali pa kufunga feni nyuma. Lazima upate alteneta iliyotengenezwa kwa injini hiyo, na kiti chake, na bati la nyuma linaloendana nayo. Ile regyuleta ya zamani inatolewa, maana alteneta nyingi za aina hii zina yake ndani. Waya mnene wa kwenda kwenye betri unaunganishwa moja kwa moja na alteneta, na waya mwembamba wa taa nyekundu ya dashibodi unapelekwa kwenye sehemu yake. Gari likiwa la volti 6, kama nyingi za kabla ya 1967, kazi inaongezeka: betri, balbu, koili, vyote vinabadilika.

Fundi akasisitiza kitu kimoja. Ile taa nyekundu kwenye Beetle siyo ya chaji tu. Mkanda ukikatika, feni imesimama. Ukiiona inawaka njiani usiseme utafika tu, simama hapohapo, la sivyo injini inanoki.

Ila dainamo nayo ina lake. Chuma chake hubaki na sumaku kidogo, kwa hiyo hata betri ikifa kabisa unaweza kusukuma gari na ikaanza kufua umeme yenyewe. Alteneta kwa kawaida inataka betri iwe na pumzi kidogo kwanza. Pia ukigeuza nyaya za betri kwa bahati mbaya, dayodi zinaungua mara moja. Kwa hiyo wazee walioishi na dainamo hawakuwa wakiishi na takataka.

Kuhusu ubishi wa baba na mwana, mimi niko na mzee. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na vitu vya pale havipaswi kuguswa, ndiyo maana ya makumbusho. Lakini gari la mzee bado liko kazini. Tukisema libaki na taa za kufifia ili sisi tupate kupiga picha, tunamwomba yeye alipie historia yetu kwa macho yake. Nilimshauri kijana kitu kimoja tu: dainamo ikitoka isiuzwe kwa watu wa chuma chakavu. Ifungwe kwenye gunia pamoja na kiti chake na regyuleta yake, iandikwe tarehe iliyotolewa na jina la fundi. Siku mtu akitaka kuirudisha, bolti ni zilezile. Na siku mwalimu wa historia akitaka kufundisha kufungwa kwa mpaka mwaka 1977, ana kitu cha kuweka mezani mbele ya kidato cha tatu.

Mpaka naondoka walikuwa hawajakubaliana, ila mzee alikuwa ameshaanza kuulizia bei.

Wenye wazee wenye magari ya zamani Tarime, Serengeti, Rorya, waulizeni spea walikuwa wanazipata wapi kati ya 1977 na 1983. Waulizeni sasa hivi wakiwa bado wanakumbuka. Haya, ngoja niwahi maktaba kabla viti havijaisha.