Matchbox

Matchbox ni chapa ya magari madogo ya kuchezea, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1953 na kampuni ya Lesney ya London. Chanzo chake ni fundi Jack Odell. Shule ya binti yake iliruhusu tu vichezeo vinavyoenea ndani ya kasha la kiberiti, naye akamtengenezea gari dogo la kushindilia barabara.

Ili kutengeneza magari haya, aloi ya zinki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na ikipoa hupakwa rangi. Kwa kuwa kila gari lilipaswa kuenea kwenye kasha, uwiano wa vipimo ulitofautiana: basi lilipunguzwa zaidi kuliko trekta. Wakusanyaji huthamini zaidi gari lenye rangi ambayo haijachubuka na kasha lake la awali. Tangu 1997 chapa hii inamilikiwa na Mattel ya Marekani.