Fahamu: Je, Meneja wa Mfuko Anaweza Kulishinda Soko la Hisa?

Mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye hapendi akiba yake yote irudi katika bidhaa ana njia mbili kuu za kunufaika na soko la hisa. Ya kwanza ni kumkabidhi mtaalamu fedha ili amchagulie hisa. Ya pili ni kumiliki hisa za kampuni zote sokoni, kwa uwiano wa ukubwa wake, na kuziacha zikue. Njia hii ya pili huitwa uwekezaji wa fahirisi.

Fahirisi ni nini?

Fahirisi ni kipimo cha mwenendo wa bei za hisa kwa pamoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara Aprili 1998, lina fahirisi kuu mbili: DSEI, inayojumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, na TSI, ya kampuni za ndani pekee.

Ushahidi wa miaka kumi

Hejifandi ni mifuko binafsi ya wawekezaji wenye mitaji mikubwa. Meneja wake huweza kukopa, na hata kutafuta faida bei zinaposhuka. Ada iliyozoeleka ni asilimia 2 ya mtaji kila mwaka na asilimia 20 ya faida.

Mwekezaji wa Marekani Warren Buffett aliwekeana dau na kampuni ya Protégé Partners kwamba, kwa miaka kumi kuanzia mwaka 2008, mfuko wa fahirisi ya S&P 500 ungeishinda mifuko mitano iliyowekeza katika hejifandi. Mwaka wa kwanza, uliokuwa wa msukosuko wa fedha duniani, mfuko wa fahirisi ulipoteza asilimia 37, na mifuko yote mitano ilipata hasara ndogo zaidi. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2017 mfuko wa fahirisi ulikuwa umekua kwa asilimia 125.8, na ule bora kati ya mitano kwa asilimia 87.7.

Ada ndiyo huamua

Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko lenyewe. Kabla ya gharama, wastani wao hauwezi kulizidi. Anayelipa ada kubwa huanza akiwa nyuma. Kwa mfano, Shilingi 1,000,000 zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 hubaki takribani Shilingi 6,140,000 kwa gharama ya asilimia 0.5 kwa mwaka, lakini takribani Shilingi 3,460,000 kwa ada za hejifandi.

Hali ya Tanzania

DSE ina kampuni chini ya 30, chache kati yake zikibeba sehemu kubwa ya thamani ya soko. Hivyo, kufuata fahirisi hapa hakutawanyi hatari kama katika masoko makubwa. Mifuko ya pamoja kama Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 na sasa kusimamiwa na UTT AMIS, huchanganya hisa na dhamana zenye riba, hivyo isipimwe kwa DSEI pekee.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuwekeza, mwananchi anashauriwa:

- kuthibitisha kuwa meneja ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA);
- kuuliza ada zote, zikiwemo za kuingia na kutoka;
- kulinganisha faida ya miaka mitano au zaidi, baada ya ada, na fahirisi pamoja na hatifungani za Serikali;
- kujihadhari na yeyote anayeahidi faida kubwa isiyo na hatari.