Uwanja Uliofufuliwa na Gemu

Desemba 2019, watu waliobeba mashine za kukata nyasi waliingia uwanja wa mbio za magari wa North Wilkesboro, jimbo la North Carolina, Marekani. Uwanja ulikuwa mahame. Mbio kubwa ya mwisho hapo ilikuwa Septemba 1996. Jeff Gordon alishinda, watu wakaenda nyumbani, milango ikafungwa. Kwa miaka mingi magugu yaliota kwenye nyufa za lami na rangi ikabanduka kwenye viti vya watazamaji.

Aliyewaleta alikuwa Dale Earnhardt Jr., dereva mstaafu na mtoto wa dereva. Hakuna aliyekuwa akipanga mbio hapo. Walitaka lami ionekane tu, ili mafundi wa gemu ya iRacing waipige skani ya leza kabla uwanja haujaoza kabisa. Uwanja ukishaingia kwenye kompyuta, hata ukibomolewa kesho, kuna mtu mahali fulani ataendelea kuuendesha.

Kisa hiki nimekiwaza sana kwa sababu jioni zangu nyingi huwa naendesha magari ya kale ya Kimarekani nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, chumba kimoja, Nairobi. Usukani wa gemu niliununua mtumba. Gari lenyewe sitawahi kulinunua. Sheria yetu ya kuagiza magari kwa kawaida inakataa gari lililozidi miaka 8, tena inataka usukani uwe kulia. Camaro ya 1969 inafeli mara mbili hapo kabla hata hujaulizwa pesa. Kwa hivyo historia hii nimeipata kupitia gemu, na siku hizi naiuliza maswali.

Tuanze na dinga lenyewe. Magari ya misuli, kama Wamarekani wanavyoyaita, yana fomula rahisi: chukua gari la kawaida, la mfanyakazi wa kawaida, uliwekee injini iliyotengenezewa gari kubwa zaidi. Wengi huhesabu kuanzia Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria ya ndani iliyozuia injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati. Vijana wa Pontiac chini ya John DeLorean walipata mwanya. GTO haikutangazwa kama gari jipya, ilikuwa ni kifurushi cha ziada juu ya Pontiac Tempest. Ndani ya kifurushi hicho kulikuwa na injini ya V8 ya karibu lita 6.4. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Ford wakaleta Mustang. Mashindano yakawa moto. Kufikia 1970 Buddy Baker alikuwa amekimbiza Dodge Charger Daytona, lile gari lenye pua ya ndege na bawa refu nyuma, kwa zaidi ya maili 200 kwa saa kwenye uwanja wa Talladega. Hiyo ni zaidi ya kilomita 320.

Halafu sherehe ikaisha. Bima ya vijana ilipanda, sheria za hewa safi zikaja, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mfereji wa mafuta. Magari yaliyobaki yakawa ya makumbusho, ya matajiri na ya filamu. Na ya gemu.

Wengi wetu tulianza na Need for Speed, kwenye saiba au kwa PlayStation ya jirani. Pale unagonga ukuta kwa kasi ya ndege na unaendelea kama kawaida. Simulesheni haina huruma hiyo. Inahesabu joto la tairi, uzito unavyohama, chasi inavyojipinda. Niliacha uhandisi chuoni mwaka wa pili, lakini ekseli ya nyuma nimeielewa kwa gemu kuliko darasani. Magari haya mengi yana ekseli moja nzito nyuma, imeshikwa na springi za vyuma bapa kama za lori. Gurudumu moja likiruka kwenye bonde, la upande wa pili nalo linasikia. Uzito wote uko mbele, kwa ile injini. Breki zinachoka mapema. Ukiingia kona kwa pupa, pua inaenda moja kwa moja ukutani. Ukiogopa ukaachilia mafuta ghafla, mkia unazunguka na kukupita.

Unachofundishwa ni subira. Breki unazifinya mapema, gari ukiwa bado umelinyoosha. Unaliacha litulie. Unaingia polepole, kisha unaanza kukanyaga mafuta kidogo kidogo, kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe kilichojaa. Mikono inarekebisha kila wakati. Hiki ndicho kitu ambacho picha na vitabu haviwezi kuhifadhi: jinsi mwili wa dereva wa 1970 ulivyokuwa ukifanya kazi. Gemu inakihifadhi, angalau kwa sehemu.

Haya hayakuanza jana. Kampuni ya Papyrus, iliyoanzishwa na David Kaemmer na Omar Khudari, ilitoa simulesheni ya Indianapolis 500 mwaka 1989, wakati kompyuta nyingi hazikuweza hata kuchora mti vizuri. Mwaka 1998 wakatoa Grand Prix Legends, iliyorudisha msimu wa Formula One wa 1967. Mwaka 1999 ikaja NASCAR Legends, iliyorudisha msimu wa 1970, wakati wa magari yenye mabawa. Fikiria hilo: teknolojia mpya kabisa, na watu wanaitumia kurudi nyuma miaka 30. Papyrus ilipokufa, Kaemmer aliungana na John Henry, huyohuyo ambaye mashabiki wa Liverpool humpenda na kumlaani kutegemea matokeo ya wikendi. Wakaanzisha iRacing mwaka 2004, ikafunguliwa kwa umma 2008. Hapo unalipia, unakimbia na watu halisi kutoka dunia nzima, na ukigonga mtu rekodi yako inachafuka.

Skani ya leza ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mashine inawekwa juu ya miguu mitatu, inazunguka, inarusha miale na kupima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake. Inakusanya mamilioni ya nukta. Kutoka kwa nukta hizo wanajenga uwanja wenye kila kiraka na kila tuta. Ukipita North Wilkesboro ndani ya iRacing, usukani unatetemeka kwa ufa ambao kweli ulikuwa pale wakati wa skani. Sehemu ya mbele inateremka na ya nyuma inapanda, na gari zito linakuonyesha tofauti hiyo kwenye breki.

Corona ilipofunga viwanja mwaka 2020, madereva halisi wa NASCAR walihamia kwenye gemu na mbio zikaonyeshwa kwenye televisheni. Mbio ya mwisho ya msururu huo, mwezi wa Mei, ilifanyika North Wilkesboro, ile ya kwenye skani. Watu walioukumbuka uwanja wakauona tena. Baadaye serikali ya jimbo ikatenga dola milioni 18 za kuukarabati. Agosti 2022 magari halisi yakanguruma pale, na Mei 2023 NASCAR wakapeleka mbio yao ya nyota. Gemu peke yake haikuufufua, kuna watu walipigania uwanja huo kwa miaka mingi. Lakini iliwapa kitu cha kuonyesha.

Sasa nitoke North Carolina nikupeleke Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963.

Wendell Scott alikuwa dereva Mweusi kutoka Danville, Virginia. Jeshini, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alikuwa fundi wa magari. Aliporudi alisafirisha pombe haramu usiku, chang'aa ya kwao, akiwakimbia polisi kwenye barabara za milimani. Wakati huo madereva wengi wa kusini, weupe kwa weusi, walijifunza kazi hivyo. Alipoingia mbioni hakuwa na timu kubwa. Alikuwa dereva na makanika kwa pamoja, kwa vipuri vya kuokoteza, jua kali kabisa. Siku hiyo, kwenye uwanja wa udongo wa Speedway Park, aliendesha Chevrolet aliyoinunua kutoka kwa Ned Jarrett, dereva mwenzake. Alimpita Richard Petty raundi za mwishomwisho. Akamaliza wa kwanza.

Bendera haikushushwa. Aliyetangazwa mshindi alikuwa Buck Baker, mzungu, na trofi akapewa yeye. Baada ya saa kadhaa, watazamaji wakiwa wameshaondoka, maafisa walikubali kwamba Scott alishinda, tena kwa raundi mbili nzima. Pesa alipata. Trofi hakupata. Scott mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka Mweusi asimame pale mbele akipigwa busu na malkia wa urembo mzungu, kama ilivyokuwa desturi. Alikimbia karibu mbio 500 katika ligi ile kuu na ushindi wake ukabaki huo mmoja. Alifariki Desemba 1990. Familia yake ilikabidhiwa trofi Agosti 2021, miaka karibu 58 baadaye. Oktoba mwaka huohuo Bubba Wallace akashinda Talladega, Mweusi wa pili kushinda mbio ya ligi hiyo.

Nilitaka kuendesha mbio ile ya 1963. Haiwezekani jinsi North Wilkesboro inavyowezekana. Speedway Park ilifungwa na kubomolewa zamani, na leza haipimi kisichokuwepo. Mtu anaweza kuujenga uwanja kwa kubahatisha, kutoka kwa picha za zamani, lakini matuta ya udongo alioujua Scott yamekwenda. Naona jambo hapo. Uwanja uliopona ni ule uliokuwa na mtu maarufu wa kuulilia, mtu mwenye simu za kupiga na marafiki wa kuja na mashine za nyasi.

Na usidhani gemu ni mahali pasafi. Aprili 2020, katika mbio ya mtandaoni iliyokuwa ikipeperushwa moja kwa moja, Kyle Larson alitamka tusi la kibaguzi kwenye maikrofoni. Alisimamishwa, timu ikamfukuza. Akaomba msamaha, akarudi mwaka uliofuata na kuwa bingwa. Ile mbio ya nyota ya 2023 pale North Wilkesboro, mshindi alikuwa yeye. Sisemi asamehewe au asisamehewe. Nasema sauti za kusini ya zamani ziliingia kwenye simulesheni pamoja na sauti za injini. Mimi pia nimeshasikia mtu akiniambia kwenye maikrofoni nirudi nikaendeshe punda, baada ya kusoma bendera kando ya jina langu. Nilimpita raundi iliyofuata, kona ya tatu, kwa ndani. Hakusema kitu tena.

Mbona haya yamhusu msomaji wa Kasarani au Likoni? Kwa sababu nasi tuna barabara zetu. Safari Rally ilianza 1953. Joginder Singh aliishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Mwaka 2020, kabla hata Safari haijarudi kwenye ubingwa wa dunia, gemu ya WRC 9 ilikuwa na Kenya ndani yake, imetengenezwa na studio ya Ufaransa. Niliicheza kwa furaha, vumbi jekundu na pundamilia na yote. Ni Kenya ya rali ya kisasa, ya 2020. Zile njia za miaka ya 70, zilizopita mpaka Uganda na Tanzania, matope ya Pasaka, mito iliyofagia magari, hizo ziko kwenye vichwa vya wazee ambao wanazidi kupungua. Sehemu nyingi zimewekwa lami, zingine zimekuwa mashamba na ploti.

Leza ni ghali na sina ya kukukopesha. Lakini simu unayosomea makala haya ina kinasa sauti. Kuna makanika wa zamani mtaani kwenu aliyewahi kutengeneza Datsun ya rali saa nane usiku, kwa mwanga wa kurunzi. Mwulize barabara ilipitia wapi, daraja lilikuwa wapi, gari lilikuwa likifanya nini kwenye tope. Mwulize pia ni nani alishinda na hakutangazwa.